Mafuta ya Nini?

Kijiji cha Kiranjeranje,
Wilaya ya Kilwa.
Desemba, 1975

Kwa Mjomba wangu mpendwa Abdurahmani,

Shikamoo Mjomba. Najua marahaba yako itachelewa kuvuka Rufiji, lakini mimi nimeshaisikia, maana sauti yako haikuhitaji posta tangu zamani. Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, mgongo umepoa, na lile lori lako la Dar es Salaam halikusumbui. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu. Mama hajambo, anakusalimu sana. Bibi Esha, mama yako, hajambo kupita kiasi. Jana aligombana na mwenyekiti wa kijiji, na mtu mgonjwa hawezi kugombana vile. Mvua zimeanza, mahindi yameota, na korosho za mwisho zimeshatoka ghalani.

Ujumbe wako aliouleta kondakta wa basi nimeupata. Umenipongeza. Umesema watu waliotoka Lindi wamekuambia kuwa Kidawa amepasua doti, nawe ukamshukuru Mungu, ukaenda mbio kumwambia rafiki yako Huseni, naye kwa furaha ametengeneza kitanda na anauliza nitakuja mwezi gani. Mjomba, ni kweli. Doti nimeipasua. Nimeipasua kwa mikono na meno yangu, mchana kweupe, mbele ya mama yako mzazi, naye akapiga vigelegele vilivyosikika bonde zima. Siwezi kukana. Ila nakuomba, kabla Huseni hajanunua na godoro, uketi, uvue viatu, usikilize doti ile ilipasuliwa kwa ajili gani. Na usirukie mwisho wa barua. Nakujua.

Mila yetu waijua kuliko mimi. Doti ya posa hukaa nzima, kanga zote mbili zimeshikana kama zilivyotoka dukani. Binti akiipasua na kuipinda, amekubali. Akiirudisha nzima, amekataa, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Ulipoiweka mapajani mwangu siku ya Idd, ulisema nisiharakishe, korosho ziishe kwanza. Huseni mwenyewe nilimwona mara moja tu alipopita huku kununua mbao. Ni mtu mpole, ana kiwanda chake kidogo cha useremala Temeke, sina ubaya naye hata wa kutia kwenye jicho. Nikaiweka doti mkobani, nikawa kila nikiitoa naisoma maneno yake, *Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki*, halafu naikunja tena.

Sasa nianze na lori la kijiji, maana bila lori pasingekuwa na habari.

Ulipokuja Idd ulilikuta mbele ya ghala, ukalizunguka kama mtu anayechagua mbuzi wa akika. Ukapanda, ukashika usukani, ukaupapasa. Kisha ukasema jambo ambalo huenda umelisahau. Ulisema kwetu mpwa ndiye humrithi mjomba, lakini dada yako amekuzalia msichana mmoja tu, basi usukani wako utakufa nawe. Ulisema kwa kucheka, lakini mimi nilikuwa karibu na mlango, na niliona hukucheka sana.

Ulitukuta na ujinga wetu. Kila dereva wetu Romani alipozungusha ufunguo, kwenye dashibodi ziliwaka taa mbili nyekundu. Moja ina picha ya sanduku lenye masikio mawili, nyingine picha ya birika lenye tone mdomoni. Injini ikishika, zote huzimika. Watoto walisema lori linafumbua macho. Sisi wakubwa tulisema yetu. Mwenyekiti, ambaye hakosi swala, aliamini birika lile ni la udhu, na kwamba waliounda gari ni watu wacha Mungu. Romani, mtani wetu yule wa Kimakonde, Mkatoliki wa Newala, yeye alisema birika ni kiu, lori linaomba maji. Kila asubuhi tukalinywesha rejeta mpaka likatapika.

Romani usimcheke sana. Alijifunza usukani kambini jeshini, ambako waliokuwa wakiendesha ni wengine na waliokuwa wakilala chini ya gari ni wengine. Alizoea kusema kuwa dereva ni usukani, na yaliyo chini ya boneti ni ya fundi.

Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Watu wakakuzunguka, mwenyekiti akakuomba uwaeleze, tena kwa Kiswahili safi, usichanganye na Kizungu chako cha gereji, kwa kuwa taifa linajitegemea hata kwa lugha. Ukakubali. Ukasema sanduku lile ni betri. Likiwaka njiani, ujue mkanda wa feni umelegea au umekatika, na betri haipati tena chakula chake. Ule mshale unaopanda ni joto la maji. Ukifika kwenye wekundu, simama, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe, la sivyo utachemshwa uso. Halafu birika. Ukasema si la maji wala si la udhu, ni la mafuta. Likiwaka gari likiwa linatembea, mafuta yamekwisha. Zima papo hapo, hata kama umebeba bibi arusi. Taa haiwaki bure, na haibembelezwi. Ukatuachia na wimbo wa kila asubuhi kabla ya kugusa ufunguo: maji, mafuta, upepo. Mara basi likapiga honi, ukakimbia, ukaondoka.

Mjomba, mafuta! Neno la kwako ni hilo hilo, lakini angalia lilivyotutenda.

Wimbo tuliushika kama dua. Asubuhi Romani akiimba maji, anajaza rejeta. Akiimba mafuta, anajaza dizeli kwenye tangi. Ilipofika upepo, mwenyekiti aliamuru lori lihamishwe lilale upande wa mashariki wa ghala, uso umeelekea baharini, lipate upepo wake vizuri. Matairi yakazidi kubonyea, lakini kwa kupigwa na upepo, lori letu lilipigwa na upepo. Na mimi mpwa wako, karani wa mizani, ninayekaa kiti cha mbele kila safari ya korosho, niliimba kwa sauti kuliko wote. Tena niliwafundisha watoto wa shule.

Haukupita muda mrefu, birika likaanza kukonyeza. Tukikata kona linawaka, tukinyooka linazimika. Tukipanda kilima linawaka, tukifika juu limetulia. Romani akasema linanikonyeza mimi, kwamba hata gari limeona nina posa mkobani. Tukitazama tangi, limejaa. Tukasema basi, taa hii ni mwongo, kama waongo wengine tunaoishi nao.

Hapa inanibidi nimtaje mama yako, unisamehe. Chini ya lori, kila asubuhi, tulikuta matone meusi mchangani. Bibi alipoyaona alisema lori linatoka jasho kwa kazi. Naye si mtu wa kuacha kitu kipotee. Akaleta kopo, akalitega chini. Unajua mchwa walivyotula nguzo tangu tuhamie kandokando ya barabara hii. Bibi akapaka jasho la lori kwenye nguzo za mlango wake, mchwa wakahama. Wanawake wakasikia. Ikawa zamu, leo kopo la huyu, kesho la yule, na nguzo za kijiji kizima zikang'aa nyeusi kama zimepakwa rangi ya sikukuu. Tukasifu. Mwenyekiti alisema huu ndio ujamaa, hata gari linachangia nyumba. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza jasho hilo linatoka mwilini mwa nani.

Ndipo ikaja safari ya Novemba. Tulipakia korosho za pamoja mpaka magunia yakafika juu ya bodi, turubai letu lile lenye matundu likatandazwa juu yake, tukaelekea Lindi. Watu kadhaa walikaa juu ya mzigo. Mbele tulikuwa Romani, mimi, na Bibi Esha, aliyekuwa anakwenda kumtazama mdogo wake. Bibi alibeba kifurushi, na galoni moja kubwa ambayo aliibana katikati ya miguu. Nilipomuuliza ina nini, alisema ni zawadi, na zawadi haichunguliwi. Mimi nilibeba ile doti. Nitakuambia ukweli, nilikuwa sijui naibebea nini. Lindi kuna posta, na mbele kidogo ya posta kuna fundi cherehani. Nilijisemea nikifika mjini miguu yangu itachagua yenyewe, ikiingia kwa fundi kuipinda ni heri, ikiingia posta kuirudisha ni heri.

Tulivuka mto Mbwemkuru salama. Tulipoanza kupanda kilima cha mbele yake, birika likakonyeza kama kawaida yake. Romani akanitania kama kawaida yake. Tukafika juu, tukanyooka, birika halikuzimika. Lilikaa linatutazama, jekundu. Romani alikumbuka maneno yako, nampa haki yake, akasimama, akazima.

Tukaimba. Maji yapo. Mafuta, tangi limejaa, lakini kwa kuwa ulisema yamekwisha, Romani akachukua dizeli ya akiba akamimina mpaka ikamwagikia viatu. Upepo ulikuwa unavuma wa kutosha. Akawasha. Birika lile lile, na safari hii injini ilitoa sauti ya kugonga, ngo ngo ngo, kama mtu anapiga hodi kwa ndani. Akazima haraka.

Nilitazama nyuma nikaliona wingu. Lilikuwa linatoka baharini, zito, na turubai letu walijua hata kuku kwamba halizuii kitu. Mjomba, jasho la kijiji kizima lilikuwa juu ya lori lile. Korosho zikilowa ni hasara, na huwezi kuziomba zikauke upya. Romani akasema labda taa ni mwongo kweli, twende hivyo hivyo, Lindi si mbali. Na mimi, nikitazama lile wingu, nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia aende.

Bibi ndiye aliyetuzuia, wala si kwa ujuzi, ni kwa hasira tu. Alikuwa amechoka kukaa. Akauliza hayo mafuta tunayoimba tangu Idd ni mafuta ya nini. Akasema yeye akinituma mafuta dukani, siondoki mlangoni kabla hajasema ni ya taa, ya kupikia au ya kupaka. Iweje watu wazima tuambiwe mafuta, tusiulize? Akaongeza kwamba mwanawe Abdurahmani tangu utotoni alikuwa hamalizi sentensi.

Romani akakuna kichwa. Akasema taratibu kwamba gari lina dizeli ya tangi, na lina ile oili ya injini, lakini hiyo hutiwa na fundi. Nikamuuliza fundi aliitia lini. Akasema kabla ya Idd. Nikamuuliza nani anaitazama tangu hapo. Akanitazama, nikamtazama, na sote wawili tukaligeukia birika.

Tulifungua boneti. Ubavuni mwa injini kulikuwa na kijiti chenye pete, nilikuwa nimekiona mara nyingi nikadhani ni cha kufungia kitu. Romani akakivuta. Kilitoka kikavu, Mjomba, kikavu kama kuni za kiangazi, nchani kabisa kina weusi kidogo. Niliutazama weusi ule, nikaunusa. Harufu ile nilikuwa naijua. Ndiyo harufu ya mlango wa bibi yangu.

Nikageuka polepole. Bibi alikuwa ameketi kitini, mlango wazi, na galoni yake katikati ya miguu. Alipoona namna tunavyomtazama, akaibana zaidi. Akasema hii ni ya mchwa, ni zawadi ya mdogo wake, na nguzo za Lindi zinaliwa sawasawa na za Kiranjeranje. Romani akapiga magoti barabarani, akamwambia, kwa utani wetu ule ule, kwamba lori linaomba lirudishiwe jasho lake. Waliokuwa juu ya magunia wakaangua kicheko. Bibi naye akashindwa kujizuia, akacheka, akaiachia galoni.

Lakini oili yenyewe! Ilikuwa na mchanga, sisimizi, na manyoya ya kuku. Ukiimimina hivyo unaiua injini kwa mkono wa pili. Ilitakiwa kuchujwa. Shati la Romani lilikuwa vumbi tupu. Kanga alizovaa Bibi hakuna aliyethubutu kuzitazama. Matone ya kwanza ya mvua yakanipiga begani. Nikafungua mkoba.

Doti nzima ilikuwa ndefu mno. Upepo, ule tuliokuwa tunauimba, ukaipeperusha ikatuzonga mimi na Romani, pindo likaburuta vumbini. Nikaona tunapoteza muda. Nikaing'ata katikati, nikaipasua. Mjomba, wallahi wakati ule sikumfikiria Huseni, wala wewe, wala ndoa. Nilifikiria korosho na ile sauti ya hodi. Lakini Bibi aliposikia kitambaa kinachanika, alishuka kwenye gari kama msichana, akasimama katikati ya barabara akapiga vigelegele. Waliokuwa juu ya magunia wakapokea. Romani akacheza. Nilipaza sauti kwamba sivyo, ni ya kuchujia, lakini nani husikika mbele ya vigelegele vya mama yako? Ndiyo hiyo habari uliyoletewa. Haikuwa uongo, ila nayo haikumaliza sentensi.

Romani alishika pembe mbili, nami mbili, Bibi akamimina. Oili ikateremka taratibu, kanga ikabaki na mchanga na sisimizi wake. Tukasubiri itulie. Romani akachovya kijiti, kikatoka kimelowa mpaka alama ya chini. Akawasha. Birika likawaka, likafikiri kidogo, likazimika. Sijawahi kufurahi kwa kuona kitu kinazimika namna ile. Nilipiga vigelegele mwenyewe, na hapo ndipo Bibi alipothibitisha kwamba nimekubali posa. Mvua tuliikimbia mpaka Lindi, ikatukuta gari lipo chini ya paa la ghala la wanunuzi, na hakuna gunia lililolowa.

Gereji tulimpata fundi Yohana, mzee mmoja mcheshi. Alilala chini ya lori, akatoka na boliti ya kumwagia oili, akatuonyesha kwamba pete yake ya kuzibia imekwisha, ndipo jasho lilipokuwa linatoka. Akasema lau tungeendelea mwendo mdogo tu zaidi, injini ingenoki na lori lingebaki kuwa banda la kuku. Tulipomweleza habari ya nguzo, alikaa chini akacheka mpaka akatoa machozi, akasema hajaona nyumba zinafanyiwa sevisi kabla ya gari. Akamwaga ile oili yetu ya sisimizi, akatia mpya, akabadili chujio. Matairi nayo akayajaza upepo, ule wa kwenye tairi. Kisha akatufundisha bila haraka: gari likae sehemu tambarare, injini ipumzike, vuta kijiti, kifute, kirudishe, kivute tena ndipo usome. Isipungue alama ya chini, isizidi ya juu. Nilisoma mimi, akasoma Romani, na Bibi akadai asome naye.

Sasa Mjomba, nimefika ninapopaogopa.

Nilitoka gereji na vipande viwili vya kanga, kimoja cheupe na kimoja cheusi tititi. Nikasimama kati ya posta na fundi cherehani. Miguu haikuchagua chochote. Iligeuka, ikanirudisha gereji. Nilitaka kuona fundi Yohana anavyofunga chujio. Ndipo nilipojua, Mjomba, na nilijua kwa furaha, sikulia. Jibu la Huseni ni hapana.

Na si hilo tu. Tangu kiangazi, kila lori lilipokwenda tupu Kiswere kuchukua samaki, Romani alikuwa ananipisha kwenye kiti chake katika ile njia ya mchanga. Ilianza kama utani, anione mtani wake ninavyogonga vichaka. Sikugonga. Sikumwambia mtu, hata Mama, maana nilitaka kwanza nijue kama ni mchezo au ni kitu. Siku ile ya kurudi kutoka Lindi, Romani alinipa ufunguo mbele ya Bibi. Nikafanya maji, oili, upepo, kila kimoja kwa jina lake. Bibi alifumba macho akasoma kila sura anayoijua. Tulipovuka Mbwemkuru akayafumbua, akaanza kuniamrisha nipite wapi.

Romani naye ameamua. Ameuomba mkutano wa kijiji umruhusu aende Mtwara kujifunza ufundi, kwa kuwa amechoka kuendesha kitu asichokijua tumbo lake. Kiti kikabaki wazi. Wapo waliosema mwanamke hawezi. Mwenyekiti akasema redio imetangaza mwaka mzima kwamba mwaka huu ni wa wanawake, na Kiranjeranje haitapitwa na mwaka. Bibi akasimama, akasema yeye amekwisha kuendeshwa na huyu, na yu hai. Mkutano ukapitisha. Wiki iliyopita nilifanya mtihani Lindi, mbele ya askari wa usalama barabarani aliyenuna tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliniuliza taa ya birika maana yake nini. Mjomba, nilimjibu mpaka akaniambia basi, inatosha. Leseni ninayo.

Kwa hiyo naomba unisikilize kama mjomba, na pia kama dereva. Ulisema usukani wako utakufa nawe kwa kuwa dada yako alizaa msichana. Haufi. Kwetu mpwa humrithi mjomba, na mimi nimekurithi ukiwa hai, ukiwa na nguvu zako za kunigombeza. Najua umeshatoa neno kwa rafiki yako, na aibu ya kulirudisha itakuangukia wewe. Hilo linaniuma, nalisema wazi. Nakuomba radhi yako. Bila radhi nitaendesha, sitaki kukudanganya, lakini nitaendesha na birika linanikonyeza kifuani, nawe ndiye uliyetufundisha kwamba taa ya namna hiyo haibembelezwi.

Pamoja na barua hii nakurudishia kile kipande cheupe, nimekifua na kukipiga pasi. Cha pili hakirudishiki. Mwambie Huseni kwamba kanga yake ilisema ukweli, ilitufaa kwa dhiki, na kijiji kizima kinamtaja kwa heri. Tunaomba aturuhusu tubaki nacho, maana sasa ndicho cha kufutia kijiti. Kitanda kisimtie huzuni, kitanda kizuri hakikosi mwenyewe. Bibi anasema kama lazima aoe huku, basi afuate mila, mwanamume ndiye huhamia kwa mke, aje na randa yake, nguzo zipo nyingi. Hayo ni ya Bibi, mimi simo.

Mama anakusalimu, naye alikasirika kwa jioni moja, kesho yake akaomba apelekwe Kiswere kununua samaki. Romani anakusalimu, anakuita mwalimu wa nusu somo. Mwenyekiti anakusalimu, anasema ukija tena una ruhusa kamili ya kusema oili. Nisalimie wote waliokuzunguka huko, na madereva wenzangu. Nimeandika neno hilo la mwisho nikalitazama muda mrefu. Mungu akulinde barabarani, na akurudishe kwetu ukae kiti cha mbele, upande wa abiria.

Ndimi mpwa wako na mrithi wako,
Kidawa,
Dereva, Lori la Kijiji, Kiranjeranje.

N.B. Bibi anasema ukija umletee mafuta. Nimemuuliza mafuta ya nini. Amekasirika, amesema wewe ni mwanawe, utajua mwenyewe.